Kifo Chini ya Mawe ya Dakaguda

Mzee Abdurahim alikutwa amelala chini ya jiwe refu kuliko ghorofa za mtaa wa Tassia kule Nairobi, mbali sana na Tassia, katika jangwa ambalo hata kunguru hulipita juu kwa haraka. Alikuwa amevaa kanzu. Kiatu kimoja kilikuwa kando ya miguu yake, kingine kilipatikana mbali kidogo. Askari wa hifadhi waliomkuta walidhani amelala usingizi, wakamwita mara mbili kabla ya kuwaona nzi.

Hayo Inspekta Mkuu Lusweti aliyasoma mezani kwake, katika kituo cha polisi huku Eastlands, mbele ya kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Polisi wa kaskazini walikuwa wameliandika, wakalifunga, wakalituma Nairobi kwa kuwa marehemu alikuwa mkazi wa Kaloleni. Fundi mstaafu wa reli, miaka sabini na kitu, alitembelea Hifadhi ya Dakaguda na rafiki yake, akapanda jiwe peke yake, akateleza, akafa. Ajali. Mwili ulikwisha kurudishwa na kuzikwa.

"Afande, hii si imeisha?" aliuliza Konstebo Nyawira, msaidizi wake. "Mzee alianguka. Mawe iko, mzee ako hapo chini. Sasa sisi tunatafuta nini?"

"Tunamtafutia binti yake usingizi," Lusweti alisema.

Binti huyo, Muhiba, alikuwa amekuja kituoni asubuhi ile, buibui lake likiwa na vumbi la njia. Aliishi Mombasa na mumewe na watoto. Alieleza kwamba tangu mamake afariki alikuwa akimsihi babake aiache nyumba ya Kaloleni ahamie kwake. Mzee alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali. Safari ya Dakaguda ilikuwa ya kuagana na rafiki yake. Wiki iliyofuata angepanda gari la moshi kwenda pwani.

Sasa watu walikuwa wakinong'ona. Mtu mzima, walisema, hapandi jiwe kama lile alfajiri bila sababu. Hakuteleza, alijirusha. Alikuwa hataki kuhama.

"Nataka kujua jambo moja tu, Inspekta," Muhiba alimwambia. "Babangu alianguka au alijitupa? Maana kama alijitupa, basi mimi ndiye niliyemtupa."

Lusweti angeweza kumwambia kwamba faili limefungwa, na angekuwa na haki. Lakini alimtazama mwanamke yule, akalifungua tena. Yeye mwenyewe aliishi peke yake Donholm. Mkewe alikuwa amerudi Bungoma kuangalia shamba, kwa muda mfupi, walivyokubaliana, na muda mfupi ukawa miaka. Ndoa yao sasa ilikuwa ya simu, na simu yenyewe ilikuwa ya ng'ombe na mbolea. Mtu wa namna hiyo anajua nyumba tupu inavyoweza kumshauri mzee vibaya. Kusema kweli, Lusweti naye alidhani mzee alijirusha.

Ila kulikuwa na kitu kidogo katika ripoti ya daktari. Nyonga ilikuwa imevunjika na damu ilivujia ndani polepole. Marehemu hakufa papo hapo, daktari aliandika. Aliishi saa kadhaa.

Lusweti akachukua faili, akaenda Kaloleni.

Rafiki wa marehemu, Jamil, aliishi nyumba iliyopakana na ya Abdurahim. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, hajapata kuoa, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi. Mbele ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ubao wa dhumna juu ya kreti la soda, na viti viwili. Majirani walisema wazee hao walikaa pale kila jioni, na kama ungewaona hungejua nani mwenye nyumba na nani mgeni. Kiti kimoja kilikuwa kimefunikwa kwa nailoni.

Jamil alirudia maelezo yake bila kubabaika. Enzi za udereva wake, alipokuwa akipeleka chakula cha msaada kaskazini, aliyaona mawe yale, na tangu hapo amekuwa akimsimulia Abdurahim. Abdurahim alimwita mwongo. Hakuna jiwe kubwa kuliko ukumbi wa Kaloleni, alikuwa akisema, labda ulikuwa umesinzia kwenye usukani. Basi kabla ya kuachana, Jamil aliazima gari akampeleka akaone.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?" Lusweti aliuliza.

"Kambini. Goti linanisumbua. Tulisali, yeye akatoka kwenda kutembea."

"Hukumfuata?"

"Sikumfuata."

"Ulimwona tena lini?"

"Kesho yake, walipomkuta. Alikuwa keshakakamaa kama mti."

Alisema hivyo, akavuta pua, akaomba radhi. Lusweti alimhurumia. Alitia sahihi pembeni mwa maelezo na kuvuka ua kwenda nyumba ya pili, ambako matanga yalikuwa hayajaisha sawasawa. Wanawake waliosalia walikuwa wakikunja mikeka.

Hapo alimkuta Ruqaiya, dada mkubwa wa marehemu, bibi mnene mwenye sauti nzito. Alimkaribisha, akamlazimisha kula kaimati, akamuuliza kama yule kwenye faili ni nduguye, na kama ni yeye, amwonyeshe. Lusweti alisita. Picha za maiti hazionyeshwi watu wa matanga. Bibi akanyoosha mkono tu, akangoja, kama anayengoja chenji yake dukani.

Katika picha mzee alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia. Kitambaa chenye mistari kilizunguka uso wake, kutoka chini ya kidevu hadi utosini. Askari wa kule alikuwa ameandika kwamba marehemu alijifunga kitambaa kujikinga na jua, na Lusweti alikuwa ameyasoma hayo akaona ni sawa.

Ruqaiya aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Nani alimfunga kidevu?" aliuliza.

"Inasemekana alijifunga mwenyewe, mama. Kwa ajili ya jua."

"Mwanangu, wewe si Mwislamu, husemwi. Huyu amefumbwa macho, amefungwa kidevu, ameelekezwa kibla. Tizama na vidole vya miguu, kile kidogo ni uzi uliovifunga pamoja. Hivi ndivyo anavyofanyiwa mtu akikata roho, na watu wake wakiwa kitandani pake."

"Anaweza kufanyiwa na yeyote atakayemkuta? Hata kesho yake?"

"Kesho yake huwezi. Mwili ukishakakamaa mdomo haufungiki tena. Hili limefanywa akiwa bado na joto." Akairudisha picha. "Ndugu yangu hakufa peke yake. Alikuwa na mtu, na mtu huyo alimpenda."

Lusweti alitoka nje akasimama uani. Upande wa pili Jamil alikuwa akifagia mbele ya milango yote miwili, wa kwake na wa marehemu, polepole, na goti lake halikuonekana kumsumbua sana. Hilo peke yake halikuwa ushahidi. Kule kaskazini kuna wafugaji Waislamu, na mchungaji mmoja mwenye imani angeweza kumkuta mzee akikata roho, akamtimizia, akaenda zake na ngamia wake. Wakili yeyote angesema hivyo. Lusweti akaomba ruhusa ya safari.

Mkuu wake alicheka, akauliza kama anakwenda utalii, kisha akatia sahihi.

Lami iliisha, barabara ya changarawe ikaisha, ikabaki njia tu. Lusweti alikuwa amezaliwa kwenye mahindi na migomba na amezeekea kwenye kelele za barabara ya Outer Ring, na hakujua kwamba nchi inaweza kunyamaza namna ile. Kisha mawe yakatokea. Yalikaa juu ya mchanga bila mlima wala kilima, mekundu, ya mviringo, mengine yakikalia mengine, na kati yake kulikuwa na vichochoro ambamo mtu angeweza kupotea na asisikike. Alijisikia mdogo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitamani kumpigia mkewe ampe habari isiyo ya ng'ombe. Simu haikushika mtandao.

Alipokewa na Talaso, askari wa hifadhi, mwanamke mrefu wa kule kule, ndiye aliyeongoza msako. Alimpeleka moja kwa moja chini ya jiwe kubwa kuliko yote.

"Kiatu kilikuwa hapa," alisema, akionyesha kwa fimbo. "Na damu kidogo, hapa. Hapa ndipo alianguka."

"Na mwili?"

Talaso alitembea kuzunguka jiwe, akapanda kijigongo kinachofika kiunoni, akashuka upande wa pili penye kivuli. "Hapa."

Lusweti alirudi nyuma akapima kwa macho. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kupanda pale. Aliuliza kama Talaso aliwaambia polisi.

"Niliwaambia. Walisema mtu akiona kifo anapata nguvu."

"Pengine mchungaji alimsaidia?"

"Mchungaji gani, afande? Mvua haijanyesha. Mifugo yote imekwenda upande wa ziwa, hata mbwa hayuko. Tena mtu wetu akimkuta maiti hapa, hawezi kumwacha hivyo fisi aje. Atamfunika na mawe, halafu atakimbia kutuambia. Huyu aliachwa wazi. Aliyemwacha alitaka tumwone."

Pale kwenye kivuli, ndani ya kijishimo cha mwamba, Lusweti aliokota kokwa za tende. Zilikuwa zimewekwa pamoja, kama mtu anavyoziweka kwenye kisahani anapokula na mwenziwe. Talaso alisema wageni hao wawili walikuja na tende, walimgawia hata yeye.

"Kama mtu angeumia hapa, angeitaje msaada?" Lusweti aliuliza. "Simu haishiki."

"Kila gari linapewa redio ya mawasiliano. Hawa pia tuliwapa."

"Nani aliibeba asubuhi ile?"

"Yule mwembamba. Alinirudishia mwenyewe mchana, alipokuja kusema mwenzake amepotea. Niligundua imezimwa. Nikamwambia, mzee, hii haizimwi."

Lusweti alikaa pale chini ya jiwe baada ya Talaso kwenda garini. Kutoka pale, kupitia ufa mwembamba kati ya mawe, kambi ilionekana, vibanda vyake vyeupe, na moshi wa jiko. Mtu angeweza kupiga kelele na kusikika. Hilo lilimuumiza kuliko yote aliyoyaona.

Aliporudi Nairobi alimwita Jamil kituoni. Mzee alikuja mwenyewe, amevaa kofia ya kiua na koti lililopigwa pasi, akamsalimu kila askari aliyempita. Nyawira alikaa pembeni kuandika. Lusweti hakumwonyesha picha wala kokwa.

"Mzee Jamil, Muhiba halali," alisema. "Watu wanasema babake alijirusha. Anaamini ni yeye aliyemuua kwa kumlazimisha kuhama. Na anaamini alikufa peke yake mchangani, bila hata mtu wa kumtajia shahada."

"Nani anasema alijirusha?"

"Watu."

"Waongo."

"Wewe ulikuwa kambini. Umejuaje?"

Jamil aliivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Nje mtu alikuwa akibishana na askari wa zamu juu ya pikipiki iliyokamatwa, na ndani ya chumba walisikiliza ubishi ule mpaka ukaisha.

"Aliitamka," Jamil alisema.

"Nini?"

"Shahada. Aliitamka mwenyewe, vizuri, hakukatika. Mwambie Muhiba. Asikae akidhani babake alikwenda hivi hivi."

"Ulikuwa wapi alipoitamka?"

"Nilikuwa nimempakata kichwa."

Nyawira aliinua kalamu. Lusweti alimwambia mzee kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba kabla ya kuendelea anaweza kumwita wakili, au ndugu aje akae naye.

"Ndugu yangu nimemzika," Jamil alisema. "Andika tu, binti."

Alisimulia bila kuulizwa sana. Walipanda jiwe pamoja alfajiri, upande wenye mteremko, hadi ukingo wa chini tu, ili Abdurahim aone jua likichomoza. Njia nzima kutoka Isiolo Jamil alikuwa amepanga maneno. Alitaka kumwomba asihame. Hakupata kumwomba mtu kitu kama hicho maishani mwake, kwa hiyo maneno yalikuwa mazito na alikuwa akiyangoja yatoke.

"Kabla sijafungua mdomo, akasema yeye. Akaniambia, Jamil, sikujua kama ningefurahi hivi kuhama. Alikuwa anacheka. Ana wajukuu wa kuwafundisha dhumna, anasema. Nikamuuliza, na mimi? Nitacheza na nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema, utapata mtu." Jamil alitazama ukuta. "Miaka yote ile, Inspekta. Utapata mtu. Kama niliyepoteza mwavuli. Nikamshika kanzu. Akavuta, huku bado anacheka, alidhani natania. Nikamsukuma."

"Ulikusudia aanguke?"

"Nilikusudia anyamaze. Lakini nilimsukuma, sitasema uongo tena."

"Alipoanguka alikuwa hai."

"Hai, na akili zake zote. Nilishuka mbio, nikambeba hadi kivulini. Aliniambia, Jamil, umeniua, halafu akaniambia amenisamehe. Akasema nipige redio."

"Redio ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Ilikuwa mbovu?"

"Nzima. Niliwasikia askari humo wakisalimiana. Nikaizima."

Lusweti alikuwa amehoji wauaji wengi, na kwa kawaida hapo ndipo alipopandisha sauti. Safari hii aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu wangekuja. Wangemtia kwenye gari, wangempeleka hospitali, na hospitali Muhiba angekuja kumchukua. Nisingemwona tena." Alisema hivyo taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. "Nikamwambia nimeshaita, wako njiani. Akaniamini. Nikampa maji. Nikamlisha tende. Tukakaa tukizungumza mpaka jua likawa kichwani. Wallahi, tangu tujuane hatukuwahi kuzungumza namna ile. Nikasahau kabisa kwamba anakufa. Yeye ndiye aliyenikumbusha."

Nyawira alikuwa ameacha kuandika. Lusweti alimgusa mkono, akaendelea.

"Kisha ukamfunga kidevu."

"Ningemwacha mdomo wazi? Abdurahim?" Jamil alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la aibu. "Nilichana kikoi changu. Nikamwelekeza. Kisha nikaogopa, nikaenda kusema amepotea."

Alisomewa maelezo, akayakubali, akatia sahihi. Alipokuwa akipelekwa mahabusu alimwomba Nyawira amwangalizie kile kiti kisinyeshewe. Nyawira, ambaye kesi hii aliiona imeisha tangu siku ya kwanza, alimjibu "sawa, guka," kama anavyomwita babu yake, kisha akatoka nje akakaa huko kitambo.

Lusweti alikwenda Kaloleni mwenyewe, jioni hiyo hiyo. Hakutaka Muhiba azisikie habari sokoni. Alimkuta akitia vyombo vya babake kwenye masanduku, akamwambia yote, tangu jua lilipochomoza hadi kidevu kilipofungwa. Hakumficha redio.

Kwanza Muhiba alisema alhamdulillahi. Alisema mara nyingi, akashika kifua, mabega yakashuka. Babake hakujitupa. Babake alikuwa akicheka, alikuwa na furaha ya kwenda kwake. Kisha Lusweti aliona sehemu ya pili ikimfikia.

"Kwa hiyo angepona," Muhiba alisema.

"Daktari anasema huenda. Kama angewahishwa."

Mkononi Muhiba alikuwa na birika dogo la kahawa, na alilishika pale pale alipokuwa amelishika. Ile nyumba ilikuwa imekwisha kuwa tupu, na kila neno lilirudi ukutani.

"Chumba chake nimekipaka rangi," alisema. "Kijani, ndiyo rangi anayopenda. Kitanda kiko. Watoto walikuwa wanagombania nani atalala naye siku ya kwanza." Akalitazama birika. "Muda wote ule walizungumza nini?"

"Hakutueleza. Alisema tu walizungumza."

"Saa zote zile?"

"Ndiyo."

Muhiba aliweka birika sakafuni. Lusweti alijiandaa kwa kilio, au kwa laana, maana haki zote mbili zilikuwa zake. Alikwisha kuziona zote katika kazi hii na alijua pa kusimama.

"Mahabusu wanaruhusu wageni siku zipi?" Muhiba aliuliza.

Lusweti hakuelewa. Alimwambia hana haja ya kwenda, kesi itasikilizwa, atamwona mahakamani, na serikali itasema yote kwa niaba yake.

"Serikali haikuwepo," Muhiba alisema. "Babangu alisema maneno yake ya mwisho, na yote anayo yule mzee. Hakuna mwengine aliyeyasikia. Nikimchukia kama inavyotakiwa, nitayakosa."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamtazama inspekta akingoja jibu.

Lusweti akamtajia siku.